Barua ya wazi kwa Bunge jipya la Kanada: Ile sheria imefika wapi?

Winnipeg, Manitoba
5 Mei 2025

Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la 45, Waheshimiwa Maseneta, Mheshimiwa Waziri Mkuu, nanyi Waheshimiwa wa Bunge la jimbo letu la Manitoba,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kuisema nikiwa na uchungu bila kuhangaika na maneno. Mimi ni mkalimani, mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka kumi na mmoja nimekaa kati ya daktari na mgonjwa, kati ya mwalimu na mzazi, kati ya hakimu na mtu aliyefika juzi kutoka Bukavu au Kigoma. Wafasiri mnao huko Ottawa. Watawasomea, nami nitafurahi kwamba barua imepitia mikononi mwa mtu anayejua neno lina uzito gani.

Leo ni siku ya magauni mekundu. Msanii wa hapa Winnipeg, Jaime Black, alianza mwaka 2010 kutundika magauni matupu kwa ajili ya wanawake wenyeji wa asili waliopotea na waliouawa, na siku hizi kila Mei 5 mji huu unayatundika kwenye miti na kwenye baraza. Ninaloliona kutoka dirishani kwangu ni la msichana mdogo, lina kola nyeupe, liko kwenye hanga ya waya, na upepo wa asubuhi umelizungusha mpaka limeipa barabara mgongo. Aliyelitundika ni jirani yangu, mwanamke Mwanishinaabe, mwenyeji wa asili wa nchi hii, anayekaribia miaka themanini. Mtaa mzima unamwita Kookum, yaani bibi, nami namwita hivyo. Yeye huniita binti yangu.

Mpwa wake alitoka nyumbani jioni moja ya vuli, miaka mingi iliyopita, na hajarudi. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, Kookum huenda duka la fotokopi akachapisha tangazo upya, akalifunika kwa plastiki ngumu, nasi hulibandika pamoja kwenye nguzo ya kituo cha basi. Ukipitisha kidole kwenye nguzo hiyo unahisi matuta: gundi juu ya gundi, mwaka juu ya mwaka. Picha ni ileile. Msichana amevaa jaketi la shule na amefumba jicho moja kwa jua.

Majina ya waliopotea sitayaandika humu. Familia zao huyataja hadharani na zina haki hiyo. Mimi sikupewa ruhusa ya kuyatumia kuimarisha hoja yangu.

Nitawaeleza kilichonikalisha chini kuandika. Mwishoni mwa mwaka 2022 nilimsomea Kookum habari ya muswada mmoja wenu, C-38, uliosomwa mara ya kwanza tarehe 14 Desemba mwaka huo. Ulihusu watu ambao babu zao waliondolewa hadhi ya kisheria ya uzawa chini ya Sheria ya Wahindi ya 1876, sheria yenye jina ambalo hata leo linanikwama kooni ninapolitafsiri. Babu yake Kookum alikubali kuondolewa, yeye na watoto wake wote, ili watoto wasichukuliwe kupelekwa shule za bweni za serikali. Ndiyo bei iliyokuwepo. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba watu wapatao 3,500 wangerudishiwa haki ya kusajiliwa. Kookum alisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono, akasema, “Ikipita utaniambia.”

Tangu hapo, kila Jumapili nikimpelekea chapati, huniuliza swali moja: “Binti yangu, ile sheria imefika wapi?”

Mwaka 2023 nilijibu kwamba wanaijadili. Mwaka 2024 nilijibu hivyohivyo. Ukweli ni kwamba sikuwa najua. Januari mwaka huu nilikaa usiku mitatu mfululizo kwenye ukurasa wa Bunge, nikifungua viungo na kufunga, mpaka nikaelewa kilichotokea. Muswada ulikwama kwenye kusomwa mara ya pili. Tarehe 6 Januari 2025 kikao cha Bunge kilifungwa, na kwa utaratibu wenu miswada yote ya serikali ambayo haikuwa imepata idhini ya Mfalme ilikufa siku hiyo. C-38 ilikufa. C-61, muswada wa maji safi kwa Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za wenyeji wa asili, nao ulikufa. Hapakuwa na barua wala simu kwa hao 3,500. Mimi, jirani mwenye asili ya Tanga, ndiye niliyevuka barabara kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri kwenda kumwambia mzee kwamba alichokuwa anakisubiri kimeondoka wiki iliyopita na hakuna aliyekuwa na kazi ya kumjulisha.

Hakulia. Aliuliza kama muswada ukifa unazikwa wapi. Nilishindwa kumjibu.

Mama yangu alikuwa katibu wa upatu wa akina mama kumi na wanane pale Ngamiani. Alikuwa na daftari moja la mistari, kurasa zake zimekunjika pembe, na kila aliyetoa shilingi aliandikwa, na kila aliyechelewa aliandikwa, na siku ya kikao lilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Alikuwa akituambia, mali bila daftari hupotea bila habari. Akina mama wale hawakuwa na ofisi wala mwanasheria. Daftari lilitosha kumfanya kila mtu ajue anadaiwa nini na nani.

Basi nami nimefungua daftari. Nimechora safu tano: mwito wa tume iliyochunguza msiba wa wanawake hawa, muswada au hatua, nani anahusika, fedha, tarehe. Na ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba kazi hii ninayoifanya kwa penseli baada ya zamu ni kazi yenu, na mnapaswa kuifanya kwa nguvu ya sheria.

Mnakumbuka tulikotoka. Mwaka 2014 polisi wa taifa, RCMP, walitoa hesabu yao: kati ya 1980 na 2012, wanawake wenyeji wa asili 1,017 waliuawa, na wengine 164 walikuwa hawajulikani walipo. Jumla 1,181, na wengi waliofuatilia jambo hili waliiona hesabu hiyo kuwa pungufu. Tume ya taifa ikaundwa mwaka 2016 chini ya Jaji Marion Buller. Watu zaidi ya 2,380 walishiriki, wengi wao mama na dada na watoto wa waliopotea. Tarehe 3 Juni 2019 tume ilikabidhi ripoti, ikauita msiba huu mauaji ya kimbari, na ikatoa Miito ya Haki 231. Tume haikuiita mapendekezo. Iliandika kwamba ni wajibu wa kisheria, si jambo la hiari. Mimi kama mkalimani nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, kwa sababu ni nadra kuona tume ya serikali ikichagua neno lisilo na mlango wa nyuma.

Miaka minne baadaye, Juni 2023, waandishi wa CBC, shirika la utangazaji la taifa, walipitia mwito mmoja baada ya mwingine. Walikuta miwili imekamilika. Zaidi ya nusu ilikuwa haijaanza. Tazameni nani alihesabu: ni waandishi wa habari. Ninyi mnatoa ripoti ya maendeleo kila mwaka, nimezisoma. Zina orodha ndefu ya programu na mikutano. Ukizifunga bado hujui mwito upi umekamilika na upi bado. Bajeti ya 2021 ilitenga dola bilioni 2.2 kwa miaka mitano. Miaka hiyo inakaribia kuisha. Kwenye daftari langu, safu ya fedha karibu yote ni tupu, kwa sababu sikuona popote mlipoonyesha dola gani ilikwenda kwenye mwito gani.

Naomba mnivumilie niongee kuhusu vitenzi, kwa maana ndiyo kazi yangu. Nikimtafsiria mgonjwa kwamba daktari “atakupasua Alhamisi”, na nikimtafsiria kwamba daktari “analenga kuzingatia uwezekano wa upasuaji”, nimempa habari mbili tofauti kabisa. Wa kwanza anaanza kufunga mizigo. Wa pili anarudi nyumbani kuendelea kuumwa. Katika maandishi yenu kuhusu wanawake hawa nimekutana sana na “inalenga”, “imejizatiti”, “itaendelea kushirikiana”. Hata mlipotunga sheria kamili, C-75 ya mwaka 2019, mliandika kwamba mahakama inapotoa adhabu kwa ukatili dhidi ya mwenzi itazingatia hali ya wahanga wa kike wenyeji wa asili. Ni jambo jema na sitalidharau. Lakini adhabu inatolewa baada ya mshtakiwa kupatikana, na mshtakiwa anapatikana baada ya mtu kutafutwa. Kookum bado yuko kwenye hatua ya kutafutwa.

Kuna tofauti nyingine ambayo wananchi wengi hawaijui, na sidhani kama ni kosa lao. Tarehe 2 Mei 2023 Bunge lenu lilipitisha bila kupingwa hoja ya Mheshimiwa Leah Gazan, mbunge wa hapa Winnipeg, kwamba vifo na upotevu huu ni dharura ya taifa, na kwamba uanzishwe mfumo wa tahadhari, ule wa Gauni Jekundu, utakaotuma ujumbe kwenye simu za watu mwanamke au mtu wa roho mbili (mwenyeji wa asili asiyejihesabu kuwa wa kiume tu au wa kike tu) anapopotea. Siku ile mtaani kwetu watu walikumbatiana. Walidhani ni sheria. Ilikuwa hoja. Hoja haimfungi mtu. Bajeti ya 2024 ikatenga dola milioni 1.3 kwa miaka mitatu kuandaa majaribio, na Oktoba 2024 ikatangazwa kwamba majaribio yatakuwa Manitoba. Leo imetimia miaka miwili na siku tatu tangu mtamke neno dharura. Simu yangu inalia mtoto akitekwa, inalia kimbunga kikikaribia. Kwa ajili ya msichana wa nguzo ya kituo cha basi, na wanaomfuata, bado iko kimya.

Msiniambie haiwezekani. Kusini ya mpaka, jimbo la Washington lilipitisha sheria ya tahadhari kama hiyo na gavana akaisaini Machi 2022. Minnesota, jirani yetu kabisa, ina ofisi ya kudumu ya jamaa wenyeji wa asili waliopotea na waliouawa tangu 2021. Marekani ina dhambi zake nyingi katika jambo hili, sizifichi. Lakini walipotaka kuandika sheria, waliandika.

Na hapa kwetu tumeshaonja neno “haiwezekani”. Mwaka 2022 tuliambiwa kwamba kulipekua dampo la Prairie Green kutafuta miili ya wanawake wawili waliouawa na mtu mmoja haiwezekani. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ya wakati ule ilikataa kabisa, na katika kampeni ya uchaguzi kukataa huko kukatangazwa kwenye mabango kama sifa ya uongozi. Upembuzi ulisema gharama ingeweza kufika dola milioni 184. Familia zilipiga kambi kwenye baridi. Serikali ikabadilika, fedha zikatoka, dola milioni 40, nusu kutoka kwenu na nusu kutoka jimboni. Upekuzi ulianza Desemba 2024. Februari mwaka huu mabaki yalipatikana, na Machi wote wawili walitambuliwa. Miezi mitatu tu, Waheshimiwa, baada ya miaka miwili ya kuambiwa haiwezekani. Mwezi huohuo wa Machi tulijua jina la mwanamke wa tatu, aliyeuawa na mtu huyohuyo, ambaye wazee walikuwa wamempa jina la Mashkode Bizhiki'ikwe, Mwanamke Nyati, ili asiendelee kuitwa asiyejulikana. Mwili wake bado haujapatikana.

Nilikuwa kazini habari ya Februari ilipotoka. Mama mmoja Mkongo niliyekuwa namtafsiria, ambaye kaka yake hajulikani alipo tangu vita vya kwao, aliiona kwenye televisheni ya ukutani akaniuliza wanatafuta nini kwenye takataka. Nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema, “Basi kumbe wanaweza.” Nilimaliza zamu hiyo kwa shida.

Kuna watu ambao hata penseli yangu haiwafikii. Tume ilikiri kwamba hakuna hesabu ya kuaminika ya wanawake na wasichana wote waliopotea na kuuawa, na kwa watu wa roho mbili na wenye jinsia nyingine giza ni nene zaidi. Jina hilo, watu wa roho mbili, lilikubaliwa mwaka 1990 kwenye mkutano wa wenyeji wa asili uliofanyika hapahapa Manitoba, likitokana na maneno ya Kianishinaabe niizh manidoowag. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama mmoja, rafiki wa Kookum, kutoa taarifa ya mtoto wake. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, cha kiume na cha kike. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Mama alitaka kuandika jina ambalo mtoto mwenyewe alilichagua na ambalo rafiki zake wote walimjua kwalo. Akaambiwa aandike la kwenye cheti. Tangazo likatoka na jina ambalo hakuna mtu mtaani aliyelitambua. Mtu akipotea kwa jina lisilo lake, atatafutwaje?

Kiswahili changu husema “amepotea” bila kuuliza ni mwanamume au mwanamke. Kookum aliniambia lugha yake nayo iko hivyo. Tulikaa jikoni kwake tukicheka kwa furaha ya kugundua hilo, wanawake wawili kutoka pande mbili za dunia. Kisha akasema fomu ile iliandikwa na watu ambao lugha yao haiwezi kumtafuta mtu mpaka imemgawa kwanza.

Ninachoomba ni hiki. Katika kikao hiki kinachoanza, leteni muswada wa daftari. Ukipita, uwe sheria itakayolazimisha kila mwito kati ya 231 kuwa na ukurasa wake wa wazi: muswada gani unaubeba na uko hatua gani, waziri gani anawajibika kwa cheo, fedha kiasi gani zimetengwa na kiasi gani zimetumika, na tarehe ya mwisho jambo lolote lilipofanyika. Muswada ukifa kwa Bunge kufungwa au kuvunjwa, daftari liseme umekufa, lini, na nani ataurudisha. Watu waliokuwa wanausubiri wapelekewe habari kwa lugha yao, Kianishinaabe, Kikrii, Kiinuktitut na nyingine. Waliopotea wahesabiwe kwa jina na jinsia walivyojitambulisha wenyewe. Na daftari lisishikwe na wizara, kwa sababu hata kwenye upatu wa mama yangu mwenye kudaiwa hakupewa kalamu. Tume iliomba mtetezi huru wa haki za wenyeji wa asili kwenye mwito wa 1.7. Mliteua mwakilishi maalumu Januari 2023 kulichunguza jambo hilo, akakabidhi ripoti yake 2024. Ofisi yenyewe bado. Iundeni, mkabidhi daftari humo, na familia ziwe na sauti katika kumchagua atakayelishika.

Najua mtasema karatasi haimrudishi mtu. Tume ilieleza vizuri kwa nini hayo mambo yameshikana. Mwanamke aliyenyimwa hadhi alinyimwa pia nyumba kwenye ardhi ya watu wake. Akaja mjini bila jamaa na bila kodi ya chumba, au akasimama kando ya barabara kuu namba 16 kule British Columbia akiomba lifti kwa sababu hapakuwa na basi. Kuhusu basi hilo: kongamano la Prince George lilipendekeza mwaka 2006 kuwe na usafiri kwenye barabara hiyo, ambayo watu huiita Barabara ya Machozi. Mabasi yalianza 2017. Miaka kumi na mmoja kati ya pendekezo na tiketi ya basi, na hakuna aliyelazimika kusimama mbele ya watu kueleza kila mwaka ulivyopita.

Mtaniuliza mimi hapa nina haki gani. Nina haki ya kiapo. Nilipopata uraia mwaka 2022, maneno ya kiapo yalikuwa yameshabadilishwa na sheria ya Juni 2021. Nilinyanyua mkono wa kulia, na pamoja na kumtii Mfalme na kuheshimu sheria, niliahidi kwa mdomo wangu kuiheshimu Katiba inayotambua haki za asili na za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi. Mimi huishi kwa kutafsiri maneno ya watu wengine. Hayo yalikuwa yangu. Wahamiaji wenzangu wa Kiswahili hapa Winnipeg tuliyasema tukiwa tumevaa vitenge, watoto wamebebwa, bila mtu kutueleza sana maana yake. Nasi sasa ni wapiga kura. Aprili 28 tulisimama kwenye foleni kama wengine, na wengi wetu tunaishi mitaa ileile ambako matangazo yale hubandikwa.

Tarehe 27 Mei Mfalme Charles atakuja Ottawa kuwasomea hotuba ya kufungua Bunge. Nitaisikiliza na daftari mezani. Ukurasa wa kwanza nimeupiga picha na kuuambatisha hapa: mstari wa C-38, kuanzia 14 Desemba 2022 hadi 6 Januari 2025. Chini yake nimeacha mstari mtupu. Juu ya safu ya kwanza ya mstari huo Kookum ameandika mwenyewe, kwa mkono unaotetemeka, jina la babu yake.

Jumapili ijayo nitavuka barabara na chapati zangu kama kawaida, naye ataniuliza.

Kwa heshima na kwa kusubiri,

Mkalimani wa Kiswahili, mkazi wa North End, Winnipeg